Ivuna ichore barabara zake ingali kijiji

MAONI YETU

Kila baada ya miezi mitatu mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kukaa. Taarifa ya mapato na matumizi inasomwa, watu wanalalamikia kisima, ng'ombe walioingia shambani wanajadiliwa kwa sauti ya juu, na jua likianza kuinama mwenyekiti anafika kwenye jambo la mwisho: kujaza nafasi katika kamati ya matumizi ya ardhi. "Nani yuko tayari?" Kimya. Mmoja anachungulia simu, mwingine anakung'uta vumbi kwenye kanga. Mwishowe anatajwa mtu ambaye hata hayupo, amekwenda mashineni kusaga. Watu wanacheka, mikono inanyooshwa, jina linaandikwa. Mwenyewe atapashwa habari jioni.

Ndivyo anavyopatikana, katika vijiji vingi vya nchi hii, mtu atakayeamua barabara ya wajukuu zetu ipite wapi. Kiti cha udiwani kikiwa wazi, fulana zinagawiwa na pikipiki zinakodiwa. Kiti cha kamati ya ardhi anapewa aliyekosekana.

Tunaandika haya tukiitazama Ivuna, kule bondeni wilayani Momba, upande wa kusini wa Ziwa Rukwa. Tunaiomba Ivuna ifanye jambo moja ambalo Tunduma haikupata nafasi ya kulifanya: watu wake wakigombee kiti hicho kidogo, wakikalie, na wachore makazi yao wenyewe wangali kijiji.

Tunduma tunaijua sote. Sensa ya 2012 iliikuta na watu 97,562. Sensa ya 2022 ikahesabu 219,309. Katika miaka kumi mji umezidi mara mbili, na watu hawakungoja mchoro. Barabara kuu iendayo Zambia ilikuwapo, reli ya TAZARA ilikuwapo, mpaka ulikuwapo, na biashara haina subira. Mtu alinunua kipande cha shamba, akajenga chumba na duka, jirani akajenga nyuma yake, wa tatu akaziba kichochoro kwa choo. Leo ukitaka kupitisha bomba la maji au kumfikisha zimamoto kwenye nyumba inayowaka, lazima kwanza umlipe mtu fidia au umvunjie ukuta. Wapimaji wanakuja baada ya kuta, kazi yao inaitwa urasimishaji, na maana yake halisi ni kutafuta njia mahali ambapo njia imekwisha kufunikwa na mabati.

Hatuwalaumu watu wa Tunduma. Walikuwa wanatafuta riziki. Tunachosema ni kwamba hesabu ya kuchelewa imeshapigwa, iko pale juu mpakani, na yeyote anayepanda kutoka Ivuna na gunia lake la mchele au ufuta anaiona kwa macho.

Sasa tuje kwenye sheria, maana hapa ndipo penye siri ambayo wengi hawaijui. Tanzania haina bodi ya mipango miji ya kupigiwa kura, kama zilizopo katika baadhi ya miji midogo ya Marekani. Lakini kijiji kina kitu chenye nguvu kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, imeikabidhi halmashauri ya kijiji ardhi yote ya kijiji iisimamie kama mdhamini wa wanakijiji. Halmashauri hiyo haina ruhusa ya kumgawia mtu ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Kisha Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, Na. 6 ya 2007, ikaifanya halmashauri hiyohiyo kuwa mamlaka ya kupanga: wapi makazi, wapi mashamba, wapi malisho, wapi msitu, wapi soko, wapi makaburi. Wajumbe wake ni kati ya 15 na 25, na robo yao lazima wawe wanawake. Ndani yake kuna kamati ya fedha na mipango. Pembeni yake kuna kamati ya matumizi ya ardhi, na kuna baraza la ardhi la watu saba, watatu kati yao wakiwa wanawake, kwa ajili ya kusuluhisha magomvi.

Linganisha na mtaa wa mjini. Mwenyekiti wa mtaa Tunduma ana muhuri, ana kamati, ana wananchi wanaomgongea mlango saa sita usiku. Hana ardhi. Mamlaka ya kupanga ni halmashauri ya mji, na mchoro unatoka kwa afisa mipango miji. Mtaa unaweza kuulizwa maoni, unaweza kupinga, unaweza kuandika barua. Hauwezi kuchora.

Maana yake ni nini kwa Ivuna? Siku eneo litakapotangazwa kuwa la mji, madaraka ya kupanga yatahama kijijini. Hakuna atakayepigiwa king'ora kujulishwa. Watu watafurahi, pengine watacheza ngoma, kwa sababu kuitwa mji ni sifa. Ila kama kijiji hakikuwa kimechora chochote, mpangaji atakayekuja atakuta karatasi nyeupe na nyumba zilizotawanyika, naye ataijaza karatasi hiyo kama anavyojua yeye. Kama atakuta ramani iliyopitishwa na mkutano mkuu, yenye sahihi na tarehe, yenye barabara ambazo watu wameshaanza kuzipita, itakuwa kazi kuipuuza.

Nchi hii imeshajaribu ile njia nyingine. Mwaka 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kufikia mwisho wa 1976 kuishi katika vijiji ni amri. Operesheni Vijiji ikaanza. Mahali pengi maofisa walifika na kamba, wakapima mistari kando ya barabara, wakasema nyumba hapa, nyumba hapa. Mistari ilinyooka vizuri sana. Maji yalikuwa mbali, shamba lilikuwa mbali zaidi, na wazee waliojua udongo hawakuulizwa. Ukiona leo kijiji kilichopangwa safu moja ndefu huku watu wake wakilala mashambani miezi mitano kwa mwaka, umeona mchoro wa mtu ambaye hakukaa pale.

Bonde la Rukwa halisamehe mchoro wa namna hiyo. Ziwa lile halina mlango wa kutokea. Maji yanaingia, hayaendi popote, yanakauka kwa jua tu. Kwa hiyo linatanuka na kusinyaa. Kuna miaka linakuwa tope na miaka mingine linafuata watu hadi mashambani. Mgeni akija na kompyuta yake mwezi wa nane atauona uwanda mkavu, tambarare, unaofaa kabisa kwa viwanja. Bibi anayelima mpunga pale atamwambia maji yalifika wapi mwaka gani, na yalikaa siku ngapi.

Hilo si jambo la kinadharia. Hatua mojawapo ya kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi ni kuchora ramani chini, kwenye vumbi. Timu ya wilaya inafika, watu wanakusanyika kwenye kivuli, mtu anachukua fimbo. Mstari wa majivu ni barabara. Majani mabichi ni msitu. Punje za mahindi ni kaya. Vijana wanaanza kwa madaha, wanachora kijiji kama kinavyoonekana kwenye simu. Halafu mwanamke aliyekaa nyuma anainuka, anasogea na jiwe, analiweka pembeni kabisa ya mahali palipochorwa shule. "Hapa maji yanapita usiku." Ubishi unaanza. Baada ya nusu saa shule imehamishwa na mstari wa majivu umepinda. Ramani hiyo ndiyo inayonakiliwa kwenye karatasi kubwa, inapigwa picha, inapelekwa wilayani. Anayekuwa pale na fimbo ndiye anayepanga. Asiyekuwapo atasomewa.

Na Ivuna ina mambo ambayo ramani ya kawaida haitayaonyesha. Kwanza chumvi. Chemchemi za chumvi za Ivuna zimelisha watu kwa karne nyingi. Wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walichimba pale katika miaka ya 1960 wakakuta masalia ya watu waliokuwa wakipika chumvi kwa vyungu yapata karne ya 13 hadi ya 15. Ardhi ile si pori la kumegwa viwanja. Ikitengwa kwenye mpango, na mipaka yake ikawekwa kwa miti inayojulikana, hakuna mtendaji atakayeiuza kimyakimya. Isipotengwa, siku moja utakuta imejengwa gesti.

Kisha mifugo. Bonde limepokea wafugaji wengi, nao wako hapa, watoto wao wanasoma shule zetu. Ng'ombe lazima wanywe. Mpango usio na mapito ya mifugo kutoka malisho hadi majini ni mpango wa kugombana, hata ukipigwa mihuri mitatu. Upana wa mapito hayo haujulikani ofisini. Unajulikana kwa mchungaji anayepita na kundi lake saa kumi na moja alfajiri, na kwa mkulima ambaye jaruba lake liko kushoto. Wote wawili wakae kamati moja. Watachukiana vikao viwili vya kwanza. Cha tatu wataanza kuhesabu hatua.

Tuchepuke kidogo. Jina la Ivuna linajulikana na wanasayansi wa dunia nzima, na wengi wa Ivuna hawana habari. Tarehe 16 Desemba 1938 kiliangukia pale kimondo cha aina adimu mno. Kilichookotwa ni gramu 705 hivi, uzito wa chini ya kilo moja ya sukari, na kundi zima la vimondo vya aina hiyo linaitwa CI, ile herufi I ikiwa ni ya Ivuna. Chombo cha Kijapani Hayabusa2 kilipoleta mchanga kutoka kwenye kijisayari Ryugu, Desemba 2020, wataalamu waliulinganisha na mawe ya kundi hilo. Mahali ambapo jina lake limeandikwa kwenye maabara za Tokyo na London panastahili angalau kibao cha barabara.

Turudi kwenye barabara. Wapo watakaosema kupanga ni kazi ya wataalamu, mwanakijiji ataweza wapi? Jibu liko Dar es Salaam. Miaka ya 1990 wakazi wa Makongo Juu waliletewa mchoro wa serikali uliokata maeneo yao kuwa viwanja vidogo vya kugawiwa watu wengine. Wakaukataa. Hawakuishia kukataa, maana kukataa ni rahisi. Waliunda chama chao cha maendeleo na kutafuta wataalamu wa kuwachorea mpango ulioheshimu mipaka ambayo tayari ilikuwapo. Mtaalamu alikuwapo, ila aliyemwita ni mwananchi. Hanna Nassif, Kinondoni, katika miaka hiyohiyo, watu waliochoka kulala na maji ndani ya nyumba walishiriki wenyewe kuchimba mifereji na kutengeneza barabara za mtaa wao. Nairobi nako, kaunti iliitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango mwaka 2017, pakiwa na kaya takriban 100,000 zilizobanana. Wakazi walijipanga kaya kumikumi, kila kundi likatoa mwakilishi, na mazungumzo ya wapi barabara ipite yakaanzia mlangoni.

Makongo, Hanna Nassif na Mukuru zilianza zikiwa zimeshachelewa. Nyumba zilikuwa zimeshajengwa na kila mita moja ya barabara ilibidi itoke kwenye ukuta wa mtu. Ivuna mita hizo bado ni nyasi.

Tuseme ukweli kuhusu mita hizo. Kupanga si kuchora tu. Ili barabara ipate upana, lazima mtu ajirudishe nyuma. Hapo ndipo mpango mwingi unapofia. Afisa wa wilaya kutoka Chitete akikuambia sogeza uzio, utamwuliza fidia iko wapi, nawe una haki ya kuuliza. Jirani yako akikuambia, huku yeye ameshasogeza wa kwake, mazungumzo yanakuwa mengine. Barabara kuu na za mkoa sheria imezitengea mita 30 kila upande kutoka katikati, na anayejenga ndani ya hapo anajua siku moja atapakwa alama nyekundu ya X ukutani. Ila vichochoro, njia za maji ya mvua, kiwanja cha mpira, mahali pa kushushia mizigo siku ya mnada, hayo hayana X. Yanalindwa na watu waliokubaliana.

Kuna mapingamizi mawili tunayaheshimu. Kamati bila fedha ni daftari tu. Upimaji unagharimu, vifaa vinagharimu, timu ya wilaya inahitaji mafuta ya gari na posho, na vijiji vingi vimechora ramani ya vumbi halafu vikangoja miaka kupata ya karatasi. Ni kweli. Lakini nusu ya kazi haihitaji senti. Kukubaliana njia zipite wapi na kupanda miti ya mipaka hakuhitaji bajeti. Kuandika muhtasari unaosomeka, wenye majina na sahihi, kunahitaji kalamu. Kijiji kinachokwenda wilayani kikiwa kimemaliza ubishi wake kina nafasi nzuri zaidi kwenye foleni kuliko kinachoomba timu ije isuluhishe.

La pili ni gumu zaidi. Wapo viongozi wa vijiji ambao wameuza ardhi ya watu, na muhuri wa kijiji umetumika vibaya mara nyingi nchini. Kwa hiyo mtu mwaminifu anasema: mimi siingii kwenye uchafu ule. Ndugu, ukikaa nje uchafu haupungui. Kiti unachokikimbia kinakaliwa na anayekitaka kwa sababu zake.

Sasa nani agombee, na vipi. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika Novemba 27, 2024, na kwa mzunguko wa miaka mitano unaofuata ni 2029. Mgombea ujumbe wa halmashauri ya kijiji anatakiwa awe na miaka 21 au zaidi, awe mkazi, ajue kusoma na kuandika, na adhaminiwe na chama cha siasa. Sharti hilo la mwisho tunaliona kuwa kasoro. Mtu anayetaka tu mfereji upite mahali pake halali hana haja ya kwanza kutafuta kadi. Lakini ndivyo sheria ilivyo leo, na anayetaka kugombea 2029 aanze kuongea na wenzake wa tawi sasa, asisubiri wiki ya fomu.

Kamati ya matumizi ya ardhi na baraza la ardhi ni habari nyingine. Huko huhitaji bendera. Unahitaji jina lako lipite mbele ya mkutano mkuu, na nafasi hujazwa bila kungoja mwaka wa uchaguzi. Hakuna mshahara. Kuna vikao virefu, kuna kutembea juani kufuata mipaka, kuna shangazi yako kukununia kwa sababu ulikataa kumpa mjomba wako kiwanja sokoni. Anayetufaa ni mwalimu aliyestaafu anayejua kuandika muhtasari, mama muuza samaki anayejua siku ya gulio malori yanakwama wapi, mchungaji wa ng'ombe, fundi uashi, kijana wa bodaboda ambaye amepita kila njia ya kata hii usiku na mchana. Bodaboda hasa. Hakuna afisa anayezijua njia za Ivuna kumzidi.

Atakayejitokeza aanze na maswali matatu kwenye ofisi ya kijiji. Cheti cha ardhi ya kijiji kiko wapi, na kinaonyesha mipaka ipi? Mpango wa matumizi ya ardhi upo, na kama upo uliandaliwa lini na unakwisha lini? Nani wako kwenye kamati, na ni lini walikaa mara ya mwisho? Aombe aonyeshwe karatasi, asiridhike na "ipo, ipo". Majibu ayaandike, ayasome mbele ya watu kwenye mkutano, na asipewe "mengineyo" dakika tano za mwisho watu wakiwa wameshainuka. Aombe jambo hilo liwe ajenda, kwa maandishi, wiki mbili kabla.

Na mkutano huo uitishwe mapema. Mvua za kwanza zikishapiga, nusu ya wenye kura watakuwa kwenye majaruba na watoto wao, na akidi haitapatikana tena hadi mpunga uvunwe.